Alvin Weinberg: Aliyekula Chumvi Nyingi na Kuyeyusha Nyingine

Ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri waliokwisha kuaga dunia umezoea kubeba wafalme, washairi na mashujaa wa vita. Safari hii nimeomba nafasi nimlete mwanasayansi. Jina lake ni Alvin Weinberg. Kwa wataalamu wa nishati duniani jina hilo ni kubwa kama lilivyo jina la nahodha wa Harambee Stars hapa shuleni, ingawa najua bweni letu zima linaweza kukosa mtu hata mmoja anayelifahamu.

Nimemchagua kwa sababu moja. Wenye akili wako wengi, na wenye shahada ndio usiseme. Lakini mtu aliyesaidia kubuni mashine, mashine hiyo ikaenea dunia nzima na kumpa heshima, kisha akasimama mbele ya wakubwa akawaambia kwamba ina hatari isiyozungumzwa vya kutosha, huyo ni adimu kama maziwa ya kuku. Weinberg alifanya hivyo, na kilichompata mtakiona.

Alizaliwa tarehe 20 Aprili 1915 mjini Chicago, Marekani. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia huko kutoka Urusi. Alisoma mjini humo humo, na katika Chuo Kikuu cha Chicago akapata shahada ya kwanza mwaka 1935, ya pili mwaka 1936 na ya uzamifu mwaka 1939. Hapa pana kichekesho: shahada hiyo ya uzamifu haikuhusu nyuklia hata chembe. Ilihusu hisabati za mambo ya viumbe hai. Yaani kama si vita, huenda bwana huyu angemaliza umri wake akipiga hesabu za miili ya wadudu na wanyama, nasi tusingekuwa na habari naye.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, serikali ya Marekani ilikusanya wanafizikia huko Chicago kwa siri, wakajificha nyuma ya jina la Maabara ya Metali. Weinberg alijiunga nao akawekwa chini ya Eugene Wigner, mzaliwa wa Hungaria, ambaye alikuja kupata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 1963. Ni katika mradi huo ambapo tarehe 2 Desemba 1942, chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo wa chuo, Enrico Fermi na wenzake waliwasha kinu cha kwanza cha nyuklia duniani.

Kwa wasiosoma fizikia, nieleze kidogo. Atomu ya uraniamu ikigongwa na nyutroni hupasuka vipande viwili, ikatoa joto pamoja na nyutroni nyingine mbili tatu. Hizo nazo huenda kugonga atomu nyingine, zikapasuka, zikatoa nyutroni zaidi, mambo yakaendelea kama uvumi unavyoenea bwenini taa zikishazimwa. Kinu cha nyuklia ni mahali pa kuuachia uvumi huo uendelee bila kuuacha uzidi. Joto linalopatikana unaweza kulichemshia maji, na mvuke wake ukazungusha mitambo ya umeme.

Lakini wakati wa vita hawakuwa wakitafuta umeme. Wigner na vijana wake, Weinberg akiwamo, walichora vinu vikubwa vilivyojengwa Hanford kando ya mto Columbia ili kutengeneza plutoniamu. Plutoniamu hiyo ndiyo iliyoingia katika bomu lililoangushwa Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945. Sipendi kuliruka jambo hili kwa sababu tu mtu ninayemsimulia ananipendeza. Yeye mwenyewe hakuliruka. Uzeeni aliandika kwamba kumbukumbu ya Hiroshima inafaa itunzwe kama watu wa dini wanavyozitunza siku zao takatifu, ili silaha zile zisitumike tena.

Mwaka 1945 alihamia Oak Ridge, jimbo la Tennessee, mji uliojengwa kwa siri katikati ya vita. Haukuonyeshwa katika ramani, ingawa ulifikia kuwa na wakazi wapatao 75,000. Humo ndimo alimoishi mpaka mwisho wa aushi yake. Mwaka 1948 alifanywa mkurugenzi wa utafiti, na mwaka 1955 akawa mkurugenzi wa Maabara ya Taifa ya Oak Ridge nzima, cheo alichokishika hadi 1973. Alipenda kupiga piano na kucheza tenisi. Inasimuliwa kwamba katika mikutano ya kukagua kazi za idara aliketi kiti cha mbele kabisa na kuuliza swali la kwanza, tena swali la kumtoa mtu jasho. (Wenzangu mnaokimbilia viti vya nyuma kipindi cha fizikia, mmesikia?)

Sasa tuje kwenye ile mashine. Mwaka 1944, vita havijaisha, Weinberg alitoa wazo jepesi kulisema: kwa nini maji ya kawaida yasifanye kazi mbili kwa pamoja ndani ya kinu? Yapunguze kasi ya nyutroni, na papo hapo yachukue joto, yakiwa yamebanwa kwa presha kubwa ili yasichemke. Mwaka 1946 akafika Oak Ridge ofisa wa jeshi la wanamaji, Hyman Rickover, mtu mkali asiyependa mchezo. Rickover alitaka nyambizi iwezayo kukaa chini ya bahari muda mrefu bila kuhitaji hewa ya kuchomea mafuta. Kinu cha maji kilikuwa kidogo, kigumu na kinatosha ndani ya chombo. Januari 1954 nyambizi Nautilus ikashushwa majini. Mwaka 1957 kinu cha jinsi hiyo kikaanza kutoa umeme kwa raia huko Shippingport, jimbo la Pennsylvania. Baada ya hapo yakawa mafuriko. Hadi leo vinu vingi vya umeme wa nyuklia duniani ni wajukuu wa wazo hilo.

Basi kuna ubaya gani? Maji ya kinu kama hicho huwa na joto la zaidi ya nyuzi 300 za sentigredi, na yamebanwa kwa presha mara 150 hivi ya hewa tunayovuta. Mama yeyote mwenye sufuria ya presha anajua kitakachotokea ukilazimisha kifuniko kifunguke kabla ya wakati. Bomba kubwa likipasuka, maji yanageuka mvuke ghafla na kiini cha kinu kinabaki kikavu. Mtu atauliza: si uzime tu? Utazima, ndiyo. Lakini vipande vya zile atomu zilizopasuka huendelea kutoa joto vyenyewe, na mara tu baada ya kuzima joto hilo huwa kama asilimia 7 ya nguvu ya kawaida. Jiko la makaa ukiacha kulipepea halipoi hapo hapo. Nalo hili ni vivyo hivyo, ila hili likikosa maji huyeyusha vyuma vyake lenyewe.

Katika vinu vidogo vya mwanzo jambo hilo halikutisha sana, kwa kuwa jengo nene la zege lingeweza kuzuia uchafu wote ndani. Katika miaka ya 1960 makampuni yalianza kujenga vinu vikubwa mno, na Weinberg akaona kwamba hesabu imebadilika. Kiini kikubwa kikiyeyuka, hakuna awezaye kuapa kwamba jengo litastahimili. Usalama wote sasa ulining'inia kwenye mabomba ya dharura ya kumwaga maji. Kumbukeni hapo, tutaparudia.

Kabla ya ugomvi huo, Weinberg alikuwa na kinu kingine moyoni. Kilianzia mahali pa ajabu: ndani ya ndege. Jeshi la anga la Marekani liliona wanamaji wanapata nyambizi ya nyuklia, nalo likataka ndege ya nyuklia itakayoruka siku nyingi bila kutua. Jamani! Kinu kinahitaji ngao nzito ya kuzuia mionzi. Ngao nzito na ndege, wapi na wapi? Weinberg hakuiamini ndege hiyo, na baadaye alisema hivyo bila kuuma maneno. Lakini hiyo ndiyo njia pekee iliyobaki ya maabara yake kuendelea na utafiti wa vinu, basi akakubali. Injini ya ndege ilihitaji joto kali sana, na joto hilo lingepatikana kwa mafuta ya nyuklia yaliyo kimiminika. Novemba 1954 kinu kidogo cha chumvi ya moto kikaendeshwa Oak Ridge kwa siku chache, kikafikia nyuzi 860 hivi. Mwaka 1961 Rais Kennedy akaufuta mradi wote wa ndege. Ndege haikuruka ng'o, lakini chumvi ilibaki.

Hebu tuingie katika chumvi yenyewe, maana hapa ndipo nilipokipendea kisa hiki. Chumvi si ile ya ugali na sukuma wiki tu. Kemia inatufundisha kwamba ni jina la ukoo mkubwa. Ile ya mezani huyeyuka katika nyuzi 801, na ikishayeyuka huonekana kama maji. Waliyoichagua watu wa Oak Ridge ni mchanganyiko wa floridi za lithiamu, beriliamu na zirkoniamu, ikatiwa floridi ya uraniamu kidogo. Huyeyuka kabla ya kufika nyuzi 450, na haichemki hata ikipita nyuzi 1,000. Katika vinu vya kawaida uraniamu hukaa ikiwa vidonge vigumu ndani ya mirija ya metali. Katika kinu hiki uraniamu imo ndani ya chumvi yenyewe, na chumvi inazunguka kama damu mwilini: inapita katikati ya nguzo za grafiti, inapata moto, inakwenda kuuacha moto kwingine, inarudi.

Ona sasa faida yake. Kwa kuwa chumvi haikaribii kuchemka, hakuna haja ya presha kubwa, na hakuna maji ya kugeuka mvuke ndani ya kiini. Joto likizidi, chumvi inatanuka, uraniamu iliyomo katikati ya grafiti inapungua, na ule uvumi wa nyutroni unatulia wenyewe. Tena chini ya kinu kulikuwa na bomba lililozibwa kwa kipande cha chumvi ile ile iliyogandishwa kwa kupulizwa hewa baridi. Hewa ikikatika, kizibo kinayeyuka na mafuta yote ya nyuklia yanashuka kwa uzito wake mpaka kwenye matangi yaliyo chini, ambako hakuna grafiti na kwa hivyo moto wa nyuklia hauwezi kuendelea. Nilipolisoma hili nilicheka peke yangu maktabani. Mtambo mzima wa watu wenye shahada, na mlinzi wake ni bonge la chumvi!

Kinu hicho cha majaribio kilianza kuchorwa mwaka 1960, na tarehe 1 Juni 1965 kikawaka kwa mara ya kwanza. Nguvu yake ilikuwa chini kidogo ya megawati 8 za joto. Hakikutoa umeme, joto lake lilipulizwa hewani kwa mapanka makubwa, kwani kazi yake ilikuwa kujibu maswali. Weinberg alikuwa na ndoto kubwa nyuma yake. Kuna madini yaitwayo thoriamu, ambayo ni mengi ardhini kuliko uraniamu. Thoriamu ikimeza nyutroni hugeuka, baada ya muda, kuwa uraniamu ya aina ya 233, ambayo ni mafuta mazuri. Alitumaini siku moja vinu vya chumvi vingejizalishia mafuta hivyo, na binadamu asipungukiwe na nishati hata baada ya karne nyingi. Tarehe 8 Oktoba 1968 kinu chake kikawa cha kwanza duniani kutumia uraniamu 233. Aliyekipandisha nguvu siku hiyo ni Glenn Seaborg, mwenyekiti wa Tume ya Nishati ya Atomu, ambaye alikuwa mmoja wa waliogundua uraniamu hiyo.

Lakini hakuna masika yasiyo na mbu. Adui mkubwa wa kinu cha chumvi ni chombo chake. Mnajua kwa nini sufuria za chuma cha pua hazishiki kutu? Ni kwa sababu ya kromiamu, ambayo ikikutana na hewa huunda ngozi nyembamba ya kuukinga mwili wa sufuria. Chumvi ya floridi iliyoyeyuka huila ngozi hiyo, kisha huanza kuichomoa kromiamu yenyewe. Kwa hivyo wataalamu wa metali wa Oak Ridge walibuni aloi mpya, iliyokuja kuitwa Hastelloy N. Sehemu yake kubwa ni nikeli, ikafuatwa na molibdenamu asilimia 16 hivi, na kromiamu wakaibana hadi asilimia 7 hivi. Tena walijifunza kuichunga chumvi: sehemu ndogo ya uraniamu wakaiacha katika umbo lenye florini tatu badala ya nne, nayo ikawa kama askari wa kunyakua florini yoyote iliyo huru kabla haijashika chuma. Kwa njia hiyo chumvi ilikula mabomba kidogo sana.

Tarehe 12 Desemba 1969 kinu kilizimwa moja kwa moja, baada ya kutimiza zaidi ya saa 13,000 za kazi zikihesabiwa kwa nguvu kamili. Mwaka huo huo Weinberg alimpoteza mkewe Margaret, waliyeoana mwaka 1940 na kujaliwa watoto wawili wa kiume.

Vipande vya kinu vilipochunguzwa, mambo mawili yalionekana. La kwanza, nyutroni zilikuwa zimezalisha gesi ya heliamu ndani ya aloi, ikaifanya iwe rahisi kuvunjika. La pili, uso wa metali uliogusana na chumvi ulikuwa na nyufa fupi fupi. Msababishi alikuwa teluriamu, mojawapo ya vipande vinavyozaliwa uraniamu inapopasuka. Ilijipenyeza katikati ya punje za metali na kuzilegeza. Nyufa zenyewe zilikuwa za sehemu ya milimita tu, lakini kinu cha kibiashara kinatakiwa kidumu miaka 30 au zaidi, si minne. Walipoendelea na utafiti walikuta kwamba kuongeza niobiamu kidogo katika aloi, na kuichunga zaidi ile chumvi, kulipunguza nyufa sana. Nilipofika hapo nilimkumbuka mwalimu wetu wa jiografia na kilima cha Mrima kule Kwale, kwa maana kilima hicho kina niobiamu na thoriamu vyote viwili, na ni kwa ajili ya thoriamu kwamba mionzi ya asili ya mahali pale iko juu kuliko kawaida. Wadigo wamekitunza kilima hicho kama kaya takatifu tangu zamani.

Turudi Oak Ridge. Miaka ya mwanzo ya 1970 serikali ya Marekani ilikuwa imekwisha kuchagua kinu kingine cha kuzalisha mafuta, kinachopozwa kwa sodiamu iliyoyeyuka, na pesa zote zikaelekea huko. Wakati ule ule swali la mabomba ya dharura ya vinu vya maji likalipuka. Majaribio madogo yaliyofanywa Idaho yalionyesha kwamba maji ya dharura huenda yasifike kwenye kiini jinsi ilivyodhaniwa. Mwaka 1972 Tume ikaitisha vikao vya hadhara, na baadhi ya wataalamu wa Oak Ridge wakasema waziwazi kwamba wana shaka. Mkurugenzi wao angeweza kuwafunga midomo. Hakufanya hivyo. Naye mwenyewe alikuwa akisema maneno ya jinsi hiyo.

Mwaka huo pia aliandika makala ambayo imetajwa mara nyingi. Alichukua ile hadithi ya Wajerumani ya Faust, mtu aliyefanya mapatano na shetani. Alisema kwamba watu wa nyuklia wamefanya mapatano kama hayo na jamii: wanaipa chemchemi ya nishati isiyokauka, na wao wanaidai jamii uangalifu usiolegea na taasisi zitakazodumu muda mrefu ambao binadamu hawajauzoea, kwa kuwa taka za nyuklia hazijui kwamba serikali imebadilika. Yeye aliamini mapatano hayo yanafaa kukubaliwa. Lakini wapinzani wa nyuklia waliidaka kauli hiyo wakaifanya rungu, na wakubwa wa sekta wakamwona kama mtu aliyewatilia mchanga kitumbua chao.

Basi kama alivyosimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, mbunge mwenye nguvu katika mambo ya atomu, Chet Holifield, alimwambia kwamba ikiwa ana wasiwasi kuhusu usalama wa vinu, labda wakati wake wa kuiacha nyuklia umewadia. Mwanzoni mwa mwaka 1973 mradi wa chumvi ukasimamishwa, na mwaka huo ulipokwisha naye hakuwa mkurugenzi tena, baada ya miaka 18. Mradi ulifufuliwa mwaka 1974, ukazikwa tena mwaka 1976.

Wako wanaosema kwamba alifukuzwa kwa sababu ya kinu cha chumvi. Mimi naona wanarahisisha mambo. Kinu cha chumvi kilikuwa na matatizo ya kweli, niliyoyataja na mengine kama gesi ya tritiamu inayopenya metali ya moto, na watu wenye akili timamu wangeweza kukikataa bila ubaya. Kilichomponza hasa ni ulimi wake juu ya vinu vya maji, ambavyo vilikuwa vyake. Tarehe 28 Machi 1979 kinu cha maji cha Three Mile Island, Pennsylvania, kilipoteza maji ya kukipoza na karibu nusu ya kiini chake ikayeyuka. Jengo lilizuia sehemu kubwa ya uchafu, kwa bahati njema. Mwaka 1980 Weinberg alipewa Tuzo ya Enrico Fermi. Mwenye macho haambiwi tazama.

Hakukaa akinung'unika. Mwaka 1974 alifanya kazi ya nishati katika Ikulu ya Marekani, na mwaka 1975 akaanzisha taasisi ya uchambuzi wa nishati hapo Oak Ridge, aliyoiongoza hadi 1985. Huko alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuisumbua serikali kuhusu hewa ya kaboni inayotokana na makaa ya mawe na mafuta, kwamba itabadilisha hali ya anga ya dunia. Hiyo ilikuwa miaka ya 1970, wakati wengi hawakuwa wakilifikiria jambo hilo kabisa.

Na sasa niwape kisa ambacho kwangu ndicho kizito kuliko vyote. Kinu kilipozimwa mwaka 1969, chumvi yake iliachwa ikagande katika matangi pale chini. Ilionekana ni mahali salama. Kumbe chumvi ikiwa ya moto hujirekebisha, lakini ikiwa baridi na ngumu mionzi yake yenyewe huibandua florini polepole. Mwaka wa 1994, mwaka ule ule kilipotoka kitabu cha maisha yake, iligunduliwa kwamba florini hiyo ilikuwa imeigeuza sehemu ya uraniamu kuwa gesi, na gesi imesafiri kwa mabomba ya zamani hadi kwenye kitanda cha makaa ya kuchujia. Zaidi ya kilo mbili za uraniamu zilikuwa zimekusanyika pale ambapo hapakukusudiwa kuwa na kitu, karibu na watu wanaokwenda kazini kila siku. Weinberg alikuwa na umri wa miaka 79, akiishi mji huo huo. Uraniamu iliyokuwa katika makaa iliondolewa kufikia mwaka 2001, na ile iliyobaki katika chumvi kufikia 2008. Kile kinu alichokipenda, chenye mlinzi wake wa chumvi iliyoganda, kilikuwa kimelala miaka 25 kikifanya kazi ambayo hakuna aliyeitarajia. Alikuwa ameandika mwaka 1972 kwamba jamii lazima iendelee kukesha, na hapa palikuwa na usingizi.

Nasi Kenya tumo katika mazungumzo hayo. Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kupinga mpango wa kinu cha nyuklia kwao. Sitaingia katika siasa, mwalimu mlezi ataniondoa ukurasani. Ila nadhani Weinberg angewauliza wote, wanaotaka na wasiotaka, swali lile lile kutoka kiti cha mbele: nani atakuwa akikichunga miaka mia moja ijayo, na analipwa na nani?

Alimwoa Genevieve mwaka 1974, akafiwa naye pia mwaka 2004. Yeye alikula chumvi ya miaka 91, akaaga dunia nyumbani Oak Ridge tarehe 18 Oktoba 2006.

Baada ya kifo chake mafaili ya zamani yalifunguliwa tena. Wachina waliyasoma kwa makini, na huko Wuwei katika jimbo la Gansu walijenga kinu kidogo cha chumvi cha megawati 2 za joto, kilichowaka Oktoba 2023. Desemba mwaka huo huo Marekani nayo ilitoa kibali cha kujenga kinu cha majaribio kinachopozwa kwa chumvi ya floridi. Mahali palipochaguliwa ni Oak Ridge, mji ule ule ambamo chumvi ya Weinberg, ikiwa imekwisha kutolewa uraniamu, iliachwa ndani ya matangi yake chini ya ardhi.